Kabla Hujalipa Kwenda Kuona Tembo Yatima

Ukisema tu kwamba safari yako itapitia mahali penye tembo, utaulizwa kama utapanda mgongoni. Ukijibu hapana, utaulizwa kama basi utawaogesha, au utawalisha ndizi. Watu hawana ubaya, ndivyo walivyozoea kuona kwenye simu. Mimi nikitaka kujua kama kituo kinastahili hela yangu, nauliza jambo moja tu kabla ya bei: mtoto wa tembo mnayemlea hapa, akikua anakwenda wapi?

Kituo cha kweli kina jibu, na jibu lenyewe lina jina la pori. Kikianza kuzungukazunguka, au kikiniambia kwamba "amezoea wageni, anabaki hapa hapa", naaga kwa heshima.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki mfano mzuri uko karibu. Kituo cha Sheldrick kiko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, upande wa barabara ya Magadi, na kutoka mjini matatu za 125 na 126 za kwenda Rongai zinapita barabara hiyo. Taasisi yenyewe ilianzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe David, aliyekuwa mhifadhi mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Mpaka sasa wamelea tembo yatima zaidi ya 300. Wanaletwa wakiwa wamefiwa na mama kwa ujangili au ukame, wengine wametumbukia kisimani na kundi likaondoka.

Wageni wa kawaida wanaruhusiwa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa sita mchana. Wapo wanaonung'unika: nauli yote hii kwa saa moja? Kwangu mimi hiyo saa moja ndiyo sifa ya kwanza ya mahali pale. Muda wote uliobaki watoto wa tembo wako porini ndani ya hifadhi na walezi wao, wanajifunza kuchagua majani, kunusa nyayo za nyati na kugombana wenyewe kwa wenyewe. Kituo ambacho tembo wako tayari kukupokea kuanzia asubuhi hadi jioni, jiulize wanakula saa ngapi.

Unasimama nyuma ya kamba. Wanakuja makundi mawili, wadogo kwanza, na hawaji kwa kutembea. Wanakuja mbio, masikio yamefunguka, kila mmoja anajua mlezi gani ameshika chupa. Chupa ni kubwa, na mwenye pupa anaimaliza upesi kisha anaanza kumsukuma mwenzake aliye katikati ya kunywa. Mlezi, na koti lake la kijani, anamtia kiwiko kidogo shavuni kama mama anayemzuia mtoto kwenye sinia la wali. Halafu wanaingia kwenye tope. Ukivaa nguo nyeupe shauri yako.

Hayo maziwa yana historia ndefu. Mtoto wa tembo hapatani na mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Daphne Sheldrick alihangaika miaka mingi, watoto wachanga wakimfia mikononi, hadi akapata mchanganyiko unaowafaa, na siri kubwa ilikuwa mafuta ya nazi. (Wapwani wenzangu, mnaruhusiwa kujisifu.) Wachanga wanalishwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, kwa hiyo mlezi analala nao banda moja.

Mpwa wangu, ambaye anauliza maswali kuliko mwalimu wa zamu, alimkamata mlezi mmoja karibu na kamba.

"Anko, huyu mdogo leo analala na nani?"

"Leo na mimi. Kesho na mwenzangu."

"Kwa nini usiwe unalala naye wewe tu?"

"Nikienda likizo atakataa kula, mama."

Walezi wanapokezana kwa makusudi, ili mtoto alizoee kundi zima la watu na asimng'ang'anie mmoja. Tembo wachanga wakihuzunika sana wanaweza kufa, na aliyekwisha kumpoteza mama hatakiwi kupoteza wa pili. Ukiwa kituo chochote, chunguza jambo hili: je, wanaowashika ni watu wale wale waliozoeleka, au mgeni yeyote mwenye tiketi anapitisha mkono?

Maana hapo ndipo tunapoharibu. Akiinua mkonga mbele yako utatamani kumgusa, nakuelewa. Lakini huyu anaandaliwa kuishi mahali ambapo binadamu asiyemjua anaweza kuwa na bunduki au mkuki. Kumzoesha kila harufu ya mtu ni kumdhulumu. Mikono yako iache mfukoni.

Wakifika umri wa miaka mitatu hivi wanapakiwa kwenye lori na kupelekwa Tsavo, kwenye vituo vya Voi na Ithumba. Walio dhaifu kiafya, kwa mfano waliovunjika miguu, wanapelekwa Umani Springs kwenye msitu wa Kibwezi ambako maji na majani hayakauki. Huko wanatoka mchana na kurudi jioni kwa hiari yao, na siku moja mmoja anaamua kutorudi. Inaweza kuchukua miaka mingi, na hakuna anayemfukuza. Wapo majike waliolelewa hivyo waliorudi Ithumba baada ya miaka, kila mmoja na mtoto aliyemzalia porini, kuwasalimia walezi.

Asia ni habari nyingine, na ukienda Thailand usipeleke kipimo cha Nairobi bila kukirekebisha. Kule tembo wengi walikuwa wa kuvuta magogo. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa misitu mwaka 1989 walikosa kazi, wengi wakaishia kwenye utalii. Tembo mzee wa namna hiyo hana pori la kurudishiwa. Swali langu kule linakuwa: wageni wakiondoka, anafungwa mnyororo au anatembea? Pia siamini tangazo la "kuoga na tembo" hata likiandikwa kwa maneno mazuri namna gani. Mnyama anayekubali kusuguliwa na watu wapya kila siku amefundishwa kukubali, na mafunzo hayo mara nyingi ni ya mateso. Januari 2025 mtalii kutoka Uhispania aliuawa na tembo aliyekuwa akimwogesha katika kituo kimoja kusini mwa nchi hiyo. Tafuta wanaokuweka mbali, hata kama picha zako zitakuwa za mbali pia.

Tukirudi kwetu. Nafasi ya Sheldrick inawekwa mtandaoni mapema, na msimu wa Julai na Agosti zinajaa haraka, kwa hiyo weka nafasi kabla hujakata tiketi ya basi. Ada ya kuingia hifadhini inalipwa kando, kwa shirika la wanyamapori la Kenya. Beba pasi au kitambulisho, kwani kiwango cha raia wa Afrika Mashariki si sawa na cha mgeni wa Ulaya. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini tangu Juni 2020, chukua chupa yako ya kudumu. Wanaotoka Arusha na basi dogo la asubuhi wanafika Nairobi mchana, saa tano imeshapita zamani, kwa hiyo hesabu kulala. Na Julai Nairobi ni baridi. Watoto wa tembo wenyewe utawakuta wamefungwa blanketi.

Mwenye siku zaidi na gari imara aangalie pia kituo cha tembo yatima cha Reteti, Samburu, kilichofunguliwa mwaka 2016 ndani ya hifadhi ya jamii ya Namunyak. Walezi ni Wasamburu wenyewe, wanawake kwa wanaume, na siku hizi maziwa ni ya mbuzi, yanayonunuliwa kwa akina mama wa hapo hapo. Njia ni ndefu na ya vumbi.

Asiye na gari achukue treni ya asubuhi ya kwenda Mombasa, ile inayosimama vituo vya kati, ashuke Voi. Lango la Tsavo Mashariki liko karibu na mji, magari ya kukodi yapo, na tembo wa huko ni wekundu kwa udongo. Tiketi kata mapema, hasa mwisho wa wiki, na kaa upande wa dirisha.