Kolajeni huiva: kwa wadogo zangu wapya wa maabara

Juzi mdogo wetu mmoja ameingiza kiunzi cha kolajeni (sponji ya protini ya kano, ya kukuzia seli) kwenye otoklevu, kile chungu cha mvuke cha kuua vijidudu, nyuzi joto 121. Kilichotoka ni utelezi kama mchuzi wa makongoro uliopoa. Sikumgombeza, maana mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa la ukoo huohuo, nikachukua miezi mitatu kuligundua. Ila kila mwaka nalikuta tena, nimechoka. Someni.

1. Kolajeni huiva, tena mapema. Ya kano la ng'ombe, ikishalowa kwenye asidi ya asetiki, nyuzi zake tatu zilizosokotana huanza kufumuka kwenye joto la thelathini na kitu tu. Zikifumuka, una jelatini, ule utelezi. Mimi nilikuwa nasaga kolajeni bila barafu. Uji ulilainika haraka na bika, ile gilasi ya maabara, likawa vuguvugu mkononi, nikafurahi, nikidhani mkono wangu umekuwa mwepesi. Nikagandisha, nikakausha, nikapata sponji nyeupe, nzuri ajabu. Nikapanda seli za gegedu (mfupa mwororo wa kwenye maungio) nilizopewa na mwenzangu. Kesho yake asubuhi sponji ilikuwa imekonda, na siku ya tatu kisima cha sahani ya kukuzia seli kilikuwa na midia tupu, yale maji ya lishe, seli zimelala chini kwenye plastiki. Nikalaumu seramu, nikalaumu inkubeta. Mwishowe nikamwambia mwenzangu seli zake zina maambukizi, naye kwa uungwana akamwaga chupa zote alizozilea wiki sita. Zilikuwa nzima kabisa. Siku moja fundi wetu mzee alipita, akaligusa bika langu, akauliza, "Mwanangu, hapa unapika?" Nilikwenda kumwomba radhi mwenzangu jioni ileile. Alinisamehe, lakini zile seli hazikurudi, na mpaka leo sisagi bila kuligusa bika kwanza.

Kwa hiyo: barafu chini, saga kwa vipindi, pima joto. Kusafisha vijidudu, tumieni gesi ya ethilini oksaidi, au mionzi ya gama mkijua kwamba nayo hukatakata nyuzi.

2. Ukigandisha polepole, barafu hukua na vitundu vya sponji huwa vikubwa. Ukigandisha haraka, huwa vidogo. Seli za mfupa zinataka maikromita 100 kwenda juu, na karibu 300 ni bora. Andikeni kasi ya friza daftarini, jamani.

3. Wanaoondoa seli kwenye gegedu, ili libaki kiunzi tupu, kwa SDS (sabuni ya maabara): gegedu halina mishipa ya damu, sabuni huingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Osheni mpaka povu liishe, kisha osheni siku nyingine mbili. DNA iliyobaki isizidi nanogramu 50 kwa kila miligramu ya uzito mkavu.

4. Wanaotengeneza viunzi kwa kaitosani, ile ya maganda ya kamba: otoklevu huua bakteria, haiondoi endotoksini, sumu wanayoiacha. Pimeni.

5. Lebo itaje mnyama. "Kolajeni, mnyama" haitoshi. Iko siku mgonjwa atauliza kama kitu anachowekewa gotini kimetoka kwa nguruwe, na ana haki ya jibu kabla hajalala kitandani pa upasuaji. Hili silifanyii mzaha.

Wewe wa otoklevu, njoo kesho saa mbili asubuhi na ndoo ya barafu. Kano zimeletwa jana kutoka machinjioni, nimeshazitoa mafuta, ziko friza. Tutasaga pamoja, na bika utalishika wewe.