Lugalo, Kalenga na Mlambalasi: majibu kwa wanaotaka kwenda

Likizo ikikaribia, maswali kuhusu Uhehe, nchi ya Wahehe huko Iringa, huongezeka. Safari hii nimechagua yale yanayohusu sehemu tatu za habari za Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Moja ni Lugalo, alikowashinda Wajerumani. Nyingine ni Kalenga, ngome yake ilikobomolewa, na ya tatu ni Mlambalasi, alikofia. Kwa miaka mingi nimezitembea kwa miguu, nyingine zaidi ya mara kumi, na bado nikirudi naambiwa jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, Morogoro. Nina wanafunzi 40 na siku mbili tu. Tuanzie wapi?

Marahaba, mwalimu. Anzeni njiani, kabla hamjafika mjini. Basi lenu litapanda mlima wa Kitonga, na Lugalo mtaikuta barabarani hapo mbele, kabla ya Iringa. Wengi huipita usingizini. Mwambie dereva asimame, wateremke wote.

Hapo Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wahehe liliuvamia msafara wa kijeshi wa Emil von Zelewski na kuumaliza karibu wote. Waambie wanafunzi kwamba huyo Zelewski ndiye aliyekuwa Pangani mwaka 1888, zilipoanza zile fujo zilizozaa vita vya Abushiri, watu wa pwani walipowapinga Wajerumani. Watu walimwita Nyundo. Ukilisema hilo pale pale, watoto wataona kwamba Pangani na Uhehe ni habari moja, ingawa kitabuni ziko sura mbalimbali. Waulize pia jina la kambi ya jeshi ya Lugalo, Dar es Salaam, lilitoka wapi. Nimeuliza hivyo mara nyingi, na kila mara kuna nyuso zinazobadilika.

Jioni ingieni makumbusho ya Boma pale mjini, jengo la Wajerumani la 1914 lililokuwa hospitali. Siku ya pili nendeni Kalenga asubuhi, kisha Mlambalasi. Zote mbili ziko upande mmoja, barabara ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Msianze na Mlambalasi hata kama ratiba inawavutia huko. Mtu akikiona kifo kabla ya ushindi, safari yote huwa ya majonzi, na hawa hawakuwa watu wa majonzi tu.

Babu yangu husema Lugalo Wahehe walishinda kwa dawa. Mwalimu wangu alisema ni mbinu za kivita. Nimwamini nani?

Wasikilize wote wawili, mwanangu, na babu usimkatize.

Zelewski alikuwa na askari zaidi ya 300 na wapagazi wapatao 170. Njiani alikuwa anachoma vijiji. Msafara kama huo katika njia ya miguu huwa mstari mmoja mrefu, wa mbele hamwoni wa nyuma. Wahehe walilala vichakani kandokando ya njia hadi mstari ulipoingia katikati yao. Ishara ilipotolewa waliinuka na mikuki kwa pamoja. Bunduki inahitaji nafasi na muda, na mtu aliye hatua tatu kutoka kwako na mkuki mkononi hakuachii hata kimoja. Wajerumani kumi waliuawa, Zelewski mwenyewe akiwamo. Inasimuliwa kwamba aliyemchoma alikuwa kijana mdogo sana, na kila mara ninapoisikia, msimulizi hukinyanyua kiganja kuonyesha kimo cha yule kijana.

Sasa, dawa. Fikiria maelfu ya watu wamelala kwenye nyasi bila kukohoa, huku adui anapita karibu kiasi cha kusikia viatu vyake. Kinachomfanya mtu asikimbie ni nini? Waliokuwa pale waliamini wamekingwa, na imani hiyo iliwaweka chini mpaka wakati ulipofika. Babu yako anakupa habari ya mioyo yao, mwalimu anakupa habari ya miguu yao.

Jambo jingine ni la kwangu. Pale Lugalo upo mnara ambao Wajerumani waliujenga kumkumbuka Zelewski na wenzake. Askari waliokufa pamoja naye walikuwa Waafrika, wengi wakiwa Wasudani na wengine walioletwa kutoka kusini, upande wa Msumbiji. Wapagazi nao walikuwa watu wetu, wenye mama waliowasubiri. Mimi nikifika pale husimama kidogo kwa ajili ya wapagazi. Hawakuchagua ile vita, na hakuna aliyewajengea kitu.

Fuvu lililoko Kalenga ni la Mkwawa kweli? Nimesikia maneno mengi.

Hili limeulizwa na wasomaji watatu, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Ngome ya Kalenga ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1894, kwa mizinga. Wenyeji husimulia kwamba jina la Tosamaganga, kile kilima cha misheni, lilitokana na mawe ya moto yaliyotupwa siku zile. Mkwawa hakukamatwa. Aliendelea kupigana msituni kwa karibu miaka minne, huku watu wakimficha na kumlisha, ingawa kichwa chake kilikuwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona amezingirwa, alijipiga risasi kuliko kushikwa. Wajerumani walipomkuta walikikata kichwa.

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, fuvu hilo liliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Ujerumani ilipewa miezi sita ilirudishe. Haikulirudisha. Miaka ya 1950 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Bremen, ambako makumbusho yalikuwa na mafuvu kama 2,000. Yakachaguliwa yaliyotoka Afrika Mashariki, yakapimwa, yakalinganishwa na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa, na likapatikana moja lililokaribiana navyo, lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Kwa hiyo lililothibitishwa ni vipimo na tundu. Watafiti kadhaa wameandika kwamba huo si uthibitisho kamili, na wana haki kusema hivyo. Lakini nikuambie nilichokiona. Fuvu liko ndani ya sanduku la kioo, katika chumba kidogo. Nilikuwa pale siku moja alipoingia mzee mmoja wa Kihehe na wajukuu wake. Alivua kofia mlangoni, akapiga magoti taratibu akishika ukingo wa meza, akanong'ona maneno ya Kihehe. Alipoinuka, mjukuu akamuuliza swali lako hilo hilo. Mzee akasema, "Huyu ni wetu. Alikaa ugenini miaka mingi, amerudi." Kama si la Mkwawa, ni la Mwafrika mwingine aliyeporwa kichwa chake, naye pia anastahili magoti yale. Ndiyo maana nikiingia Kalenga mimi hukaa kimya, na nawaomba nanyi mkae kimya.

Ninaishi Bremen na mume wangu ni Mjerumani. Tunakuja Desemba. Atapokewaje huko?

Atapokewa vizuri, dada. Wahehe hawamhesabii mtu dhambi ya babu wa babu yake. Mfundishe neno moja tu, *kamwene*, ndiyo salamu, naye atajibiwa hivyo hivyo. Amsalimie kwanza mkubwa wa mahali kabla ya kutoa simu kupiga picha. Kama huko mnakoishi ana nafasi ya kupita kwenye yale makumbusho kabla ya safari, apite. Kwa sasa anajua upande mmoja tu wa njia lililopita lile fuvu, na akifika Kalenga atakuwa na la kusema.

Desemba ni mvua, hivyo njia ya Mlambalasi inaweza kuwa na tope. Ulizeni hali ya barabara mjini asubuhi ya safari.

Watoto wangu wana miaka 6 na 9. Watachoka?

Kalenga hawatachoka, ni matembezi mafupi. Mlambalasi kuna kupanda na mawe, yule wa miaka sita atataka kubebwa. Viatu vya kufunika vidole, maji, kofia, na sweta kama ni Juni au Julai, maana baridi ya Iringa si mchezo.

Nilipokuwa Kalenga niliokota kipande cha chuma ardhini, kama ncha ya mkuki. Kiko kabatini kwangu, Dodoma. Nifanye nini?

Kirudishe, ndugu yangu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya namna hiyo, na kuokota bila kibali ni kosa. Ila sheria kando, kitu kama hicho kinapotolewa ardhini hupoteza nusu ya habari yake. Kilikuwa kina gani, kando ya nini, kimeelekea wapi, hayo ndiyo wanaakiolojia husoma. Angalia Mlambalasi. Pango lile lile la Mkwawa limechimbwa kwa utaratibu, na imekutwa mifupa ya watu waliozikwa humo zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Kama kila mgeni angebeba mfupa mmoja wa kumbukumbu, tusingelijua hilo kamwe.

Kifunge katika kitambaa, andika kwenye karatasi siku uliyokiokota na sehemu yake kadiri unavyokumbuka, ukipeleke makumbusho pale pale Kalenga. Ukieleza ukweli utashukuriwa.

Jiwe la Gangilonga huongea kweli?

Jina lake ndivyo linavyosema kwa Kihehe: jiwe linaloongea. Wenyeji husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akienda pale kutafakari, na kwamba jiwe lilimwambia habari za Wajerumani kabla hawajafika. Mimi nimepanda jioni, jua likizama juu ya mji, na upepo hupita kwenye ufa wake kwa sauti. Panda mwenyewe, ukae kimya robo saa. Usiende peke yako usiku ukiwa na simu ya maana.

Lazima nimchukue mtu wa kunitembeza? Napenda kutembea peke yangu.

Kalenga utamkuta mhusika wa makumbusho, lipa kiingilio, chukua risiti, msikilize. Kwa Lugalo na Mlambalasi nakusihi utafute mwenyeji. Si kwa sababu ya kupotea. Mara ya kwanza nilikwenda Lugalo peke yangu, nikauona mnara, nikasoma, nikaondoka baada ya dakika kumi nikidhani nimemaliza. Mara ya pili nilikuwa na mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani na jembe begani. Hakwenda kwenye mnara kabisa. Alinipeleka kwenye vichaka, akaniambia nilale chini kifudifudi. Nikalala. Kisha akatembea njiani, polepole, akipita karibu nami, na kutoka pale kwenye nyasi nikaiona miguu yake tu, mpaka magotini.