Fomu ya kukabidhi kazi haina sehemu ya sauti

Fundi wetu mkuu wa boila alipostaafu, ofisi ya utumishi ilimpa fomu ya kukabidhi kazi, kurasa nne. Aliijaza kwa mwandiko wa kizamani, mzuri kabisa. Kwenye pampu ya maji aliandika: "Nzima. Iangaliwe mara kwa mara." Tukampa mabati na saa ya ukutani, tukapiga picha, akaenda zake Kisarawe.

Wiki ya tano pampu ikakata beringi, zile gololi zinazobeba mhimili wake, usiku na kiwanda kikalala siku mbili. Nilipokwenda kumjulia hali nikamsimulia. Akaniangalia kwa huruma. "Kwani hamkusikia inavyolia?"

Hatukusikia. Kila asubuhi mzee yule alikuwa anagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha beringi, mpini anauweka sikioni, macho anayafumba. Miaka sita nimemwona akifanya hivyo, nikidhani ni mbwembwe za uzee. Nikamuuliza mbona hakutuambia. Akajibu kwa upole, "Mwanangu, nani aliniuliza?"

Kweli, hakuna aliyemuuliza. Kwetu kijana akimhoji mzee kuhusu kazi yake anaonekana anampima, na mzee akijitolea kueleza bila kuombwa anaonekana anajigamba. Basi kila mtu ananyamaza kwa adabu, na ujuzi wa miaka thelathini unapanda daladala kuondoka. Wasomi wanaita ujuzi huo mtaji wa maarifa: mali ya kampuni isiyokaa stoo wala benki. Mimi nimefanya kazi ya ufundi Dar es Salaam na Muscat, nikapitia mafunzo mafupi Japani, na jambo moja nimelishika. Kabla hujaleta mfumo wowote wa kutunza ujuzi kazini, tafuta kwanza mwenye ujuzi atapoteza nini akiutoa. Jibu linabadilika kila unapovuka mpaka.

Muscat ndiko nililipata jibu kali kuliko yote. Tulikuwa tunahudumia mitambo ya viyoyozi vya majengo makubwa. Fundi mkuu alikuwa Mhindi wa Kerala, mikono ya dhahabu. Chini yake aliwekwa kijana wa Kiomani ajifunze. Bibi yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo mimi na yeye tuliteta kwa Kiswahili bila wasiwasi. Kila kazi ilipofika kwenye kurekebisha valvu ya gesi, yaani pale penye siri yenyewe, fundi alimtuma kijana akalete karaki, chai ya maziwa na viungo. Kijana akirudi na vikombe, valvu imeshafungwa na kifuniko kimekazwa. Miezi minne, chai tupu.

Nilimwona yule fundi mchoyo. Baadaye nikakaa nikapiga hesabu yake. Tangu 1988 Oman ina sera ya kuwaingiza raia wake kwenye kazi zinazoshikwa na wageni. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, na kibali chake cha kuishi kilifungwa kwa mwajiri. Kila somo alilotoa lilimsogeza uwanja wa ndege, na kwao alikuwa anasomesha watoto watatu. Ningekuwa yeye, hata mimi ningependa chai sana.

Mambo yalibadilika alipokuja meneja mpya aliyeandika kwenye mkataba kwamba fundi anayefuzisha mtu anaongezewa muda na anapandishwa kuwa mkufunzi. Hakuleta kompyuta wala semina. Wiki mbili baadaye kijana alikuwa ameshika spana mwenyewe, na fundi ndiye anayekwenda kuchukua chai.

Japani nilikaa wiki sita Nagoya. Nilichopenda ni karatasi ndogo zilizoandikwa kwa mkono na kubandikwa kwenye mashine: picha moja, jambo moja. "Mkanda ukilia hivi, kaza hapa." Kila mfanyakazi anaandika. Nikarudi nyumbani na moto, nikachapisha karatasi arobaini, nikazitia plastiki, nikazibandika kiwanda kizima. Mwezi haukuisha, mbili nikazikuta zimeziba kioo kilichovunjika dirishani.

Niliiga karatasi, nikasahau mtu anayeiandika. Wale wa Nagoya wengi walikuwa pale miaka ishirini na walitegemea kustaafia palepale. Akiandika, anawaandikia wenzake. Kwetu nusu ya wafanyakazi walikuwa vibarua wa kutwa. Mtu asiyejua kama kesho ataitwa getini, unataka akuachie ujuzi wake kwa sababu gani?

Na hata Wajapani hawamalizi kila kitu kwenye karatasi. Miaka ya 1980 kampuni ya Matsushita ilihangaika na mashine ya kuoka mkate nyumbani; ganda likiungua, ndani mkate mbichi. Mtaalamu wao wa programu, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka, na humo akaona kwamba yule bwana hauvuti tu unga uliokandwa, anausokota pia. Mashine ikaingia sokoni 1987, na msomi Ikujiro Nonaka akaufanya mkasa huo maarufu duniani. Mwokaji mwenyewe asingeandika "nasokota" kwenye fomu yoyote, kama mzee wetu na bisibisi yake.

Wasweden wana njia nyingine. Kampuni ya bima ya Skandia ilimpa Leif Edvinsson cheo cha kusimamia mtaji wa maarifa mwaka 1991, na baadaye ikawa inautolea taarifa pamoja na hesabu za mwaka. Sawa, ila angalia mahali. Geert Hofstede, msomi wa Uholanzi aliyepima tofauti za wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM nchi kwa nchi, aliipa Sweden alama 31 kwenye umbali kati ya bosi na wa chini yake, na Afrika Mashariki 64; alama zikiwa nyingi, bosi yuko mbali zaidi. (Alituweka kapu moja na Ethiopia na Zambia, jambo ambalo sijamsamehe.) Kumwambia bosi "hapa umekosea" si kazi ileile Stockholm na Dar.

Kwa hiyo ukipewa jukumu hili kazini, fomu iweke pembeni kwanza. Zungumzia posho na mkataba kabla ya kuomba ujuzi. Mzee usimpe kalamu, mpe kijana mmoja anayempenda, miezi sita kabla ya kustaafu, na kijana aombe mwenyewe: "Mzee, nifundishe." Neno hilo halimpimi mtu, linamheshimu. Waache wakae pamoja mpaka kwenye chai ya saa nne, maana mengi yanatokea pale. Na simu ipo, rekodi sauti.

Sisi hatimaye tulimwita mzee wetu kwa nauli na posho ya siku, mara mbili kwa mwezi. Tuna sauti kumi na moja za beringi kwenye grupu la WhatsApp, kuanzia nzima hadi ile anayoiita "inaaga".

Juzi nilikuwa nafungua kompresa, nikamwambia dogo akaniletee soda. Alikuwa ameshafika mlangoni ndipo nikajishtukia, nikamwita arudi.