Usihesabu mikia, tazama kucha

Geuza jiwe kwenye kijito cha Usambara au Aberdare, utaona vidudu bapa vya rangi ya udongo vikikimbilia upande wa kivuli. Wengi ni efemeroptera na plekoptera, makundi mawili ya wadudu ambao wachanga wao (lava) huishi majini. Ili kuwatofautisha, watu huhesabu mikia: mitatu, efemeroptera, miwili, plekoptera. Makosa huanzia hapo. Mkia hukatika kwa kubanwa kidogo tu, na wapo efemeroptera wenye miwili tangu mwanzo.

Mtie lava kwenye kijiko cheupe chenye maji kidogo, umtazame ncha ya mguu kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ukucha mmoja kila mguu, huyo ni efemeroptera. Zikiwa mbili, ni plekoptera au kereng'ende.

Sasa tafuta matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini. Efemeroptera anayo ubavuni mwa tumbo, mfano wa vijani vidogo, na mara nyingi huyapepea akitulia. Yule wa familia ya Caenidae huwasumbua wengi: jozi moja imekuwa vifuniko viwili vya mraba, vimelala mgongoni na kuficha mengine. Plekoptera unayemkuta zaidi huku kwetu, Neoperla, ana vishada vyeupe kifuani, kwenye makwapa ya miguu. Mgeuze chali, la sivyo hutaviona.

Anayedanganya hata wazoefu ni lava wa kereng'ende mwembamba. Kwa kawaida ana majani matatu mkiani, ambayo ndiyo matamvua yake, na huogelea kwa kujipinda kushoto na kulia. Lakini wa familia ya Chlorocyphidae, ambao wamejaa kwenye vijito vyenye mawe, wana miiba miwili tu mirefu. Kucha mbili, "mikia" miwili: mtu anaandika plekoptera bila kusita. Tazama chini ya kichwa. Kereng'ende ana mdomo wa chini uliokunjwa kama mkono, umefika hadi katikati ya miguu ya mbele. Plekoptera hana. Mkia wa plekoptera nao una pingili nyingi, unapinda. Mwiba ule ni mgumu.

Kosa hili si dogo ukipima maji kwa miniSASS, njia ya kukadiria usafi wa kijito kwa wastani wa alama za makundi ya wadudu waliopatikana. Plekoptera hupewa alama 17, kereng'ende mwembamba 4. Tuseme umepata makundi manne: efemeroptera waogeleaji 5, trikoptera (wale wajenzi wa vifuko) 9, mabuu ya nzi 2, na kereng'ende mwembamba 4. Jumla ni 20, wastani 5. Mwite huyo wa mwisho plekoptera, wastani unapanda hadi 8.25, na kijito kichafu kinasomeka kuwa safi.

Beseni likae kivulini, maji yabadilishwe mara kwa mara. Ukiona plekoptera anainua na kushusha mwili kama anayepiga pushapu, hewa imempungukia. Wa kuhifadhi watie kwenye spiriti ya asilimia 70, ila andika kwanza ulichokiona wakiwa hai: wakishakufa mwendo haupo tena, na majani ya mkiani mwa kereng'ende hudondoka kirahisi.