Mgongo baada ya kujifungua: sindano inasingiziwa

Msomaji ameniandikia: "Dada, mtoto ana miezi minne, nikiinama kumwogesha kiuno kinakatika. Mama mkwe anasema ni ile sindano ya mgongo ya siku ya upasuaji. Itaisha lini?"

Mdogo wangu, mimi nilijifungua kwa njia ya kawaida. Sindano sikuchomwa, na kiuno kilikatika vilevile. Sindano huacha maumivu pale ilipoingia kwa siku chache, lakini ya miezi minne kwa kawaida yana chanzo kingine.

Arobaini yangu ilikuwa ya kifalme. Nilikandwa maji ya moto, nikanywa uji wa pilipili manga, nikafungwa tumbo kwa kanga mpaka kupumua ikawa kazi. Wageni walipoaga ndipo shughuli ilipoanza. Ndoo nusu hainyanyuki, na kutoka kitandani ni mpaka nijiviringishe ubavu. Nikipiga chafya, mkojo unachuruzika. Nilipolalamika mgongo, wifi mmoja akanijibu mbele za watu, "Wenzio wanazaa leo, kesho wako shambani." Mtoto sasa anasoma, na neno hilo bado halijanitoka. La mkojo sikumwambia mtu.

Aliyenitoa ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Alinilaza chali, magoti yamekunjwa, akasema inua kichwa kidogo. Akaweka vidole juu ya kitovu, vikazama katikati ya misuli. Imeachana, akasema, na ya chini imelegea. Kumbe mimba hulegeza kano kwa homoni, tumbo likavutwa miezi tisa, na misuli ya sakafu ya nyonga, iliyotandazwa kama machela kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu, ikabeba uzito wote. Mbele na chini vikilegea, mgongo unafanya kazi ya watatu. Kwa hiyo kuukanda tu hakutoshi, misuli hiyo inataka zoezi.

Zoezi lenyewe halionekani hata kwa aliyekaa karibu yako. Lala chali, kunja magoti, vuta pumzi. Unapoitoa, bana njia ya haja kubwa kama unazuia ushuzi ukweni, endelea mbele kama unazuia mkojo, kisha vuta juu. Makalio na mapaja yatulie. Usibane pumzi! Shikilia sekunde chache, halafu achia kabisa, maana msuli usiolegea nao huuma. Polepole ufike sekunde 10, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Usilifanyie chooni unapokojoa.

Likizoeleka, ongeza la tumbo: ukitoa pumzi, ingiza kitovu ndani na ubandike kiuno sakafuni, kisha telezesha kisigino kimoja mbele na ukirudishe. Baadaye inua makalio. Mazoezi yale ya kulala na kuinuka ili tumbo lirudi bapa, yaache kwanza. Na beseni la kumwogeshea mtoto liweke mezani, na ubane kabla ya kumwinua. Uliyepasuliwa, mshono uangaliwe na daktari akuruhusu kabla ya haya ya tumbo.

Mtoto wa pili nilimbeba mgongoni kwa kanga hadi sokoni, na wifi aliniona. Nilihakikisha ananiona.

Sasa niseme ukweli, dada zangu. Tunatoa hela kununua mikanda ya kubana tumbo, ilhali mkanda unashikilia tu, msuli hauujengi. Dakika tano za kubana tunakosa, ila za kuangalia tumbo la mwenzio kwenye simu zipo. Na kuvuja mkojo tunaficha kama wizi, wakati kunatibika. Bana leo, bana kesho, bana ukinyonyesha. Ni kazi ya miezi. Wanaume mnaosoma, ndoo ya maji mnaiweza.

Ila ukiona ganzi sehemu za siri, mguu unakosa nguvu, mkojo umegoma kutoka, haja kubwa inatoka bila habari, au mgongo unaambatana na homa, acha mazoezi na uende hospitali siku hiyo hiyo.