Fedha haikai mkononi, nifanyeje?

Swali: Mimi ni fundi cherehani. Kila wateja wakinilipa naapa kuweka akiba, lakini jioni hukuta nimeshamaliza kwa vifurushi vya simu, chipsi na kukopesha marafiki. Je, nimezaliwa bila uwezo wa kujizuia?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipowaahidi watoto vitamu viwili iwapo wangesubiri badala ya kula kimoja papo hapo, aliona kuwa waliofaulu hawakukikodolea macho kile kitamu, bali walijifunika nyuso, wakaimba, wakachezea vidole. (Baadaye matokeo hayo yalitiwa chumvi, kana kwamba yanatabiri maisha ya mtoto, lakini utafiti wa 2018 ulionyesha kuwa uhusiano kati ya kusubiri huko na mafanikio ya baadaye ni hafifu kuliko ilivyodhaniwa.) Nawe usikabiliane na tamaa ana kwa ana. Fedha ikiingia, kabla hujakanyaga tena cherehani, tumbukiza fungu la akiba katika kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari, nacho kikae kwa dada yako, si chini ya kitanda chako. Marafiki wanaokopa waambie utawajibu kesho. Wengi, nadhani, hawatarudi.