Kabla hujaingiza mkono mdomoni: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya mifugo

Jumanne hii nilimfokea kijana wa fildi mbele ya mwenye ng'ombe, na tangu siku hiyo sijatulia, kwa sababu nilifoka kabla sijaeleza. Ng'ombe alikuwa anachuruzika mate kama uzi, analia kwa sauti iliyokauka, na mwenyewe anasema kakabwa na embe. Kijana akakunja mkono wa shati, mkono mtupu bila glavu, huyo anaelekea mdomoni. Huyu yuko mwaka wa pili, ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, anaitaja kwa jina lake la kitaalamu bila kusita. Nilimvuta kwa kola. Basi naandika kwa ajili yake, na wenzake wawili waliokuwa wanacheka pembeni, na nyinyi mnaosubiri kupangiwa kata.

1. Mate yakichuruzika, mkono subiri.

Kata yangu ya kwanza ilikuwa ndani huko Dodoma. Mwezi wa pili tu tangu niripoti, mzee mmoja alikuja na mjukuu wake wa miaka kama tisa na mbwa wa rangi ya udongo. "Daktari, huyu kakwama mfupa." Taya la chini lilikuwa limening'inia, halifungi. Ulimi umetoka, umekauka, umeshika vumbi na kipande cha jani. Mbwa hakuwa mkali hata kidogo, na huo upole ndio ulionipoteza. Kichwani mwangu mbwa mwenye kichaa alikuwa yule anayekimbia hovyo na kung'ata kila anachokikuta. Darasani tulifundishwa kwamba kipo pia kichaa cha kupooza, taya linalegea, mbwa anashindwa kumeza, sauti inabadilika. Niliandika kwenye daftari, nikajibu kwenye mtihani, nikapata alama zangu. Mbwa mwenyewe aliposimama mbele yangu sikumtambua.

Mtoto akamshika kichwa, viganja viwili mashavuni, mimi nikapitisha vidole mpaka nyuma ya ulimi. Kidole cha shahada kilikuwa na mchubuko wa mnyororo wa pikipiki. Sikukuta mfupa. Nikamwambia mzee taya limeteguka, nikamdunga mbwa dawa ya maumivu, nikashauri uji mwepesi, nikapokea shilingi elfu mbili. Nikanawa kwenye beseni kama mtu anayekwenda kula. Mtoto hakunawa. Alijifuta kwenye kaptula, akasema "asante daktari", wakaondoka.

Siku ya tatu jioni mzee akatuma mtu kuniambia mbwa kafa. Nilipofika walikuwa wamekwisha mfukia. Palepale kando ya kile kifusi ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekishika.

Kushindwa kumtambua mbwa ni kosa la mgeni, na nimejisamehe. Kilichofuata ndicho kinachoniuma mpaka leo. Nilijua saa 10 jioni, na sikumwambia mtu yeyote mpaka kesho yake mchana. Nilijiambia labda alikula sumu. Labda ni ugonjwa mwingine. Nilimwonea haya mzee aliyeniita daktari, na niliwaogopa wakubwa wangu wa wilaya. Usiku mzima mtoto yule alilala bila chanjo, na mimi najua, nimelala na siri yangu.

Hatimaye nilimwendea mwenzangu mkubwa wa kata ya jirani. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Aliuliza neno moja tu: "Mtoto yuko wapi?" Mtoto alikuwa kapelekwa kwa shangazi yake, kijiji cha mbali, kusaidia kupukuchua mahindi. Tulimpata siku ya tano. Nikamwomba anioneshe viganja. Palikuwa na malengelenge matatu yaliyopasuka, mawili chini ya vidole na moja karibu na kifundo. Nikamuuliza yameanza lini. Akasema yalikuwepo hata siku ya mbwa, kwa sababu nyumbani nako walikuwa wanapukuchua.

Tukaenda hospitali ya wilaya, mimi na yeye, tukaanza sindano siku moja. Siku ya 3 na ya 7 nilimfuata kwa pikipiki, na zote zilizobaki mpaka akamaliza. Lakini kichaa huchukua mwezi mmoja mpaka mitatu kujitokeza, wakati mwingine zaidi, na kikishaonesha dalili karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo miezi ile nilikuwa naishi kwa kuhesabu. Nilipita kwao kila wiki kwa kisingizio cha kuangalia mbuzi. Mtoto akiomba maji, namtazama anavyoyameza. Aliyameza. Yuko hai, mrefu kunishinda, na bado ananiamkia shikamoo daktari.

Kwa hiyo, wadogo zangu, ukishaguswa na mate kwenye kidonda, au ukang'atwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 ukitazama saa, siyo kwa kukisia. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Kisha waite wote waliomshika mnyama, waandike majina, uwapeleke, hata kama aibu inakukaba. Anza na watu, mbwa baadaye. Mbwa aliyeng'ata na anaonekana mzima afungwe, atazamwe siku 10. Aliyekufa asifukiwe kabla hujafika, na anayeshukiwa asipigwe rungu la kichwa, maana maabara wanataka ubongo. Yule wangu alikuwa ameshaoza, hatukupeleka kitu.

Na ng'ombe wa Jumanne? Alikufa Alhamisi. Alikuwa na jeraha la zamani la meno kwenye mguu wa nyuma, na mwenyewe alipoulizwa vizuri akakumbuka mbwa mgeni aliyepita zizini mwezi uliotangulia. Kichwa tumekipeleka kwenye barafu, na familia nzima iliyokuwa inamlisha kwa mkono imekwenda hospitali. Embe halikuwepo.

2. Chanjo ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na chupa isilale juu ya barafu tupu. Weka gazeti au kadibodi katikati. Chanjo ya kichaa ikiganda imeharibika, hata kama kwa macho inaonekana ileile. Na deli la chanjo halibebi soda. Nimekuta soda.

3. Pima joto kwanza, papasa matezi, tazama ufizi, halafu ndio ufungue mkoba. Mbwa mwenye nyuzi 39 hana homa. Mnawajazia antibayotiki mbwa wazima kwa sababu mmezoea joto la binadamu.

4. Mzoga unaotoka damu puani na nyuma, damu haigandi, msiupasue. Kama ni kimeta, kisu chako ndicho kitakachosambaza vimelea, na vitakaa kwenye udongo ule miaka mingi. Wanakijiji watakubishia kwa sababu nyama ni pesa. Simama imara, mwite mwenyekiti wa kitongoji, fukieni kwa kina.

5. Ukimdunga ng'ombe wa maziwa, taja siku za kusubiri, yaani siku ambazo maziwa yake hayanywewi wala kuuzwa kwa sababu ya dawa, kabla hujapokea hela yako.

6. Kukamata mbwa ni kazi ya mwenye mbwa. Nyinyi mna haraka, mnamrukia mbwa shingoni kama mnakamata kuku wa sikukuu. Kijijini mbwa ni wa watoto. Watoto ndio wanaomlisha, ndio wanaowinda naye panya na sungura. Mwache mtoto amwite kwa jina lake. Kipande cha bandeji kizungushe mdomoni, vukisha chini ya taya, fundo lije nyuma ya masikio, na mtoto asimame ubavuni, asimkalie usoni. Ila mbwa mwenye taya lililolegea usimfunge mdomo, wala mtoto asimguse. Rudi namba 1.

7. Watoto wa mbwa wachanjwe. Mwaka jana nilimwona mmoja wenu anawarudisha nyumbani kwa sababu hawajafikisha miezi mitatu. Msichana alikuwa katembea na ndoo kichwani, ndani watoto wanne wa mbwa wamelaliana juu ya kanga. Siku ya kampeni huwarudishi hao, huyo msichana kesho hatarudi. Tunatafuta mbwa 70 katika kila 100 ili kichaa kikose njia, na mbwa wa kijijini wanazaliwa na kufa haraka mno kwa sisi kuchagua umri. Nilimkimbilia njiani, tukachanja wote wanne kwenye kivuli cha mbuyu. Kwenye kadi aliwaita Simba, Simba Mdogo, Bosi na Jumapili.

8. Nyinyi wenyewe mchanjwe kabla ya kuanza. Naandika namba 8 lakini ifanyeni ya kwanza.

Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, tutakuwa uwanja wa shule kuanzia saa 1 asubuhi, na foleni huanza kabla ya hapo. Njooni na glavu mfukoni na buti miguuni. Yule kijana wa Jumanne nitamweka meza ya kadi pamoja nami. Nina deni la kumweleza pole pole.